Chokaa ya Nyumba ya Shifaa

Kaka yangu Uthman alikuwa na ulimi mkali kuliko chokaa yake, nami nasema hivyo nikiwa dada yake wa tumbo moja. Hapa Siyu hakuna nyumba ya maana ambayo hakuichomea chokaa, na hakuna mchomaji mwenzake ambaye hakumtukana. Sheria yake ilikuwa moja. Jiwe la matumbawe likitolewa ufuoni lilale nje masika mawili, mvua ilioshe chumvi, ndipo liingie tanurini. Mwaka mmoja alimkuta mwenzake Madi akichoma mawe ya mwezi mmoja. Akamwita mwizi mbele ya msikiti, watu wakitoka Ijumaa. Madi hakuchoma tena, siku hizi anashona makuti.

Kwetu binti haendi kukaa ukweni. Babake humpa nyumba, mume ndiye huingia. Uthman ana binti mmoja tu, Shifaa, akamjengea ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe. Mawe ya chokaa yakateremshwa uani yangoje mvua. Hayajakaa hata wiki mbili, mchumba, Hussam, akapiga simu kutoka Doha anakofanya kazi. Likizo yake imesogezwa karibu: harusi iwe baada ya Idi, au wangoje miaka miwili.

Ati Uthman aombe muda! Alichoma mawe yale yale, bado yananuka bahari. Na kwa kuwa mikoko siku hizi huikati bila kibali, akaagiza matairi makuukuu ya pikipiki kutoka Faza, akayatia chini badala ya kuni. Moshi mweusi wa harufu ya kiberiti ulitukohoza mtaa mzima siku tatu. Nilimwendea nikamwambia, hili ndilo ulilomtukania Madi. Akanijibu nirudi jikoni kwangu.

Siku ya harusi kuta ziling'aa. Mamake Hussam, Bi Ruba, alisema hajaona weupe kama ule. Hussam akakaa miezi miwili, akarudi kazini, akamwacha Shifaa na mimba. Haukupita muda kuta zikaanza kutoka jasho. Unga wa chumvi ukaota juu yake, plasta ikavimba, ikawa inadondoka mapande. Pande moja lilimwangukia Shifaa kitandani, akaruka kwa hofu, akaanguka. Mimba haikukaa.

Wanawake walipokwenda kumpa pole, Bi Ruba alisema, naye Shifaa anasikia: "Huyu ana nuksi. Hata kuta zinamlilia." Na neno likisemwa mkekani kwa watu wazima, hapa Siyu halina wa kulirudisha.

Uthman alimwita kimyakimya Ndirangu, fundi anayejenga madarasa Faza, ambaye zamani alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha saruji. Nikapanda nao juu. Ndirangu akakwangua ukuta, akaramba kidole, akatueleza bila kumung'unya maneno. Klorini ya chumvi na salfa ya matairi hazimalizwi na moto. Kiwandani huzipima kila zamu, maana zikizidi hupanda na moshi, zikapoa, zikarudi chini na mawe, zikazunguka hivyo hivyo mpaka tanuri likaziba. Huko kuna bomba la kuzitoa. Tanuri la mzee halina bomba, kwa hiyo nyingi zilibaki ndani ya chokaa, na chumvi huvuta maji hewani. Ibanduliwe plasta yote, ipigwe upya kwa chokaa safi.

Alhamdulillahi, nikasema, kumbe si nuksi, ni chumvi. Twende tukamwambie Bi Ruba leo hii. Uthman alisubiri Ndirangu ateremke, kisha akanizibia mlango.

"Ukinena, Kadija, mimi ndiye Madi. Na wewe huna ndugu."

Nikanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mie. Ulimi wangu huu, ambao kwa mambo ya upuuzi haulali, siku ile nikaumeza. Najichukia mpaka leo.

Neno la nuksi likafika Doha, na talaka ya Hussam ikaja kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Shifaa aliusikiliza mara tatu, akaufuta, akaenda kuchemsha kahawa, kwa sababu wazee wa msikiti walikuwa wamefika barazani kwa babake. Walitaka chokaa ya kutengenezea ukuta wa kibla. Tulikuwa nyuma ya pazia, mie naye, sinia mikononi mwake, tukamsikia Uthman akiwaambia, kwa sauti yake ile ile ya kiburi, kwamba mawe yake hulala masika mawili, si kama ya wengine.

Wallahi, nilishindwa. Nilitoka nje ya pazia nikasema yote: mawe, matairi, Ndirangu. Wazee hawakungoja kahawa. Waliinuka mmoja mmoja, wakavaa viatu vyao, na Uthman hakuinua uso kuwaaga. Nami, mjinga mie, nikarudi ndani kwa Shifaa nikitaraji atanikumbatia.

"Umejua tangu lini, shangazi?"

"Tangu siku ya tanuri."

Aliweka sinia chini. "Kwa hiyo nilipokuwa nikilala mle na mimba, ulijua."

Akaniuliza tena, polepole, nikaitikia kwa kichwa.

Hakunitukana. Tukikutana sasa hunipisha ndiani, huinamisha kichwa, husema, "Shikamoo, Bi Kadija."