Taa Iliyokataa Kuwaka Mlangoni

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa siku hiyo hakufa mtu wala hakuolewa mtu. Ni siku mdogo wangu Athumani alipopanda juu ya stuli chumbani kwangu, hapa Kibiti, akafunga pangaboi la dari lenye taa, akashuka, akajipangusa mikono kwenye suruali na kuniambia, "Dada, kazi imeisha hiyo. Njoo ubonyeze."

Nakuandikia wewe uliyeachiwa wadogo. Wengine wakisoma nawakaribisha, lakini wewe ndiye ninayekuona mbele yangu.

Baba yetu alikuwa mkata boriti kule Mbwera, kwenye visiwa vya delta, mto unapoingia baharini. Alitangulia yeye, na mama akamfuata kabla mvua za mwaka uliofuata hazijanyesha. Nilikuwa darasa la sita. Saumu alikuwa bado mdogo, na Athumani alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mjomba alitutoa kisiwani akatupa chumba na kipande cha kiwanja huku barabarani, kisha naye akaendelea na maisha yake. Shule niliacha mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Asubuhi moja nilivaa sare, nikamtazama Athumani amelala na kamasi zimemkauka usoni, nikaivua.

Tangu hapo nilikaanga samaki stendi, na jua linapokuwa kali hata abiria hawashuki kwenye mabasi, nilikaa uani nikasuka mikeka. Saumu alisoma mpaka akamaliza, akaolewa Mtwara. Athumani nilimpeleka Dar kusomea umeme, akarudi na suruali inayobana na maneno ya mjini, lakini akarudi. Nyumba yangu ya tofali ilisimama taratibu, chumba baada ya chumba. Mimi sikuolewa. Waliokuja walitaka niende nao peke yangu.

Basi siku hiyo ya pangaboi ilikuwa siku yake kubwa. Ilikuwa kazi yake ya kwanza isiyosimamiwa na mtu, na aliichagua iwe kwangu. Taa alinifungia na swichi mbili: moja mlangoni, nyingine ukutani karibu na mto. Alinieleza kwamba nikiingia na giza nitawasha mlangoni, nikishapanda kitandani nitaizima palepale, na nikitaka tena nitawasha popote nilipo.

"Humu ukutani zinapita nyaya mbili, kutoka swichi hii kwenda ile," alisema. "Zinapokezana. Wewe hayakuhusu, Dada. Wewe bonyeza tu."

Nilibonyeza kwa ncha ya kanga.

"Hiyo ni swichi," akacheka, "siyo kaa la moto!"

Taa ikawaka. Akazungusha kitufe cha pangaboi, likaanza polepole, kisha likanipepea kanga kichwani. Mwanangu, nimezaliwa penye mbu na joto la mikoko. Upepo ule wa ndani ya nyumba, uliotoka mikononi mwa mtoto niliyemfundisha kutembea, ulinitoa machozi. Nikasingizia vumbi la dari.

Kesho yake nilirudi stendi baada ya magharibi, beseni kichwani, nikabonyeza swichi ya mlangoni. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikapapasa gizani, nikajigonga ugoko kwenye kitanda, nikafika kwenye swichi ya karibu na mto, nikaibonyeza. Ikawaka.

Nilidhani kosa ni langu. Nikajaribu hivi na vile hadi nikaijua tabia yake. Nikiizima kitandani, swichi ya mlangoni haina kazi. Nikiizima mlangoni, ya kitandani haina kazi. Pale nilipoizima ndipo lazima niiwashe. Sasa zile swichi mbili zilikuwa za nini?

Nikanyamaza. Nilitundika tochi kwenye msumari kando ya mlango, nikawa naingia nayo. Athumani alipopita kula mchana na kuniuliza taa inaendaje, nilimjibu, "Safi kabisa, mdogo wangu." Akatabasamu, akaongeza wali.

Nikueleze kwa nini nilinyamaza, maana hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Saumu alikuwa mbali, simu zake zilikuwa za Idi kwa Idi. Athumani alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa barabara, na ni yeye tu aliyebaki wa kufungua mlango wangu bila kubisha hodi. Nilijua kiburi chake. Ukimkosoa hapigi kelele, anaondoka tu. Nilimwona moyoni mwangu akiondoka. Nikaona heri tochi.

Ningeendelea hivyo, ila siku moja alikuja anaimba. Alikuwa amepewa kazi kwenye nyumba Chumbi, ya mwalimu mstaafu na mkewe, wazee wawili. Nyaya alikuwa ameshazifunga zote, walikuwa wanasubiri umeme uunganishwe wahamie. "Ukumbi wao ni mrefu, Dada. Nimewawekea taa kama yako. Swichi huku, swichi kule."

Niliwaona wale wazee wawili wakipapasa ukuta wa nyumba yao mpya.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Mkumba. Huyu alikuwa fundi umeme wa siku nyingi hapa mjini, mtu wa miwani iliyofungwa kwa uzi, anakaa nyuma ya soko. Nia yangu ilikuwa aje kwangu kimyakimya Athumani akiwa hayupo, atengeneze, kisha atafute sababu yoyote ya kupita Chumbi, atengeneze na kule. Athumani asijue kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo umekuja na samaki au umekuja na maneno?"

"Na maneno, mzee."

"Hayo hayaliwi. Haya, kaa."

Nilimweleza. Alisikiliza huku anakunywa kahawa, hakunikatiza.

"Waya umekaa si mahali pake kwenye swichi mojawapo," alisema. "Kosa hilo kila fundi ameshalifanya, na mimi nimelifanya. Kulitengeneza hakufiki hata muda wa kumaliza kikombe hiki. Lakini siji."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Siji. Wewe una mdomo, yeye ana masikio. Mimi ninaitiwa nini?"

"Atanuna, mzee."

"Anune! Akinunia kwako, amenunia nyumbani. Au unataka akaambiwe Chumbi, mbele ya watu, na mtu asiyempenda?"

"Namstahi tu. Ni mtoto."

Aliweka kikombe chini. "Mtoto gani anayepanda kwenye kenchi za mapaa ya watu? Humstahi yeye, binti yangu. Unaogopa asipokuja kwako utakula na nani. Sasa kwa ajili ya kupata mtu wa kula naye, unataka awe fundi mbovu maisha yake yote?"

Maneno yale yaliniunguza hadi kwenye nyayo. Nilipoinuka kuaga, aliniita kwa sauti nyingine, ya chini.

"Ulimlea akiwa hana meno. Sasa anayo. Mpe cha kutafuna. Na leo leo usimwambie kwa hasira ulizotoka nazo kwangu. Ngoja akae, umwambie polepole, mlango umefungwa."

Ijumaa, baada ya swala, Athumani alikuja na kanzu yake nyeupe. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na kamba waliotoka Mbwera asubuhi ile. Nilifunga mlango. Sikumngoja aanze kula, maana nilijua akianza kula nitanyamaza tena.

"Athumani, taa yangu haiwaki mlangoni nikiizima kitandani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Si uliniambia safi?"

"Nilikudanganya."

Alikwenda akazima swichi kubwa, akaifungua ile ya karibu na mto kwa bisibisi, akaangalia ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akahamisha waya, akafunga, akarudisha umeme. Akabonyeza mlangoni, akabonyeza kitandani, mlangoni tena. Taa ilimtii kila mahali. Halafu akaona tochi yangu kwenye msumari. Aliishika, akaizungusha mkononi, akairudisha. Akavaa viatu, akaondoka. Sahani yake ilibaki imefunikwa kawa.

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Wiki ikageuka. Nilikuwa naingia ndani, naiwasha mlangoni, naizima kitandani, kila kitu kama alivyoniahidi, na nyumba nzima hamna mtu wa kumwambia kwamba taa inafanya kazi. Pangaboi lilizunguka. Nilikuwa nalisikiliza kama mtu anayesikiliza wapita njia. Nilimlaumu Mzee Mkumba, nikajilaumu mimi, nikapika chakula cha watu wawili na kukigawa kwa majirani. Sikufichi kwamba nililia, mwanangu, kwa sababu sipendi uingie katika kazi hii ya kulea ukidhani wakubwa hawalii.

Alirudi jioni moja, amejaa vumbi la Chumbi, hakubisha hodi.

"Nimefungua swichi zote za wale wazee," alisema akiwa bado amesimama. "Kosa lilikuwa lile lile. Ukumbini. Hawajahamia, Mungu kasaidia." Akakaa. "Kuna chakula?"

Nilimpakulia. Alikula, kisha akasukuma sahani.

"Sasa zamu yangu, Dada."

"Zamu ya nini?"

"Ya kukwambia kosa lako. Au mimi tu ndiye mwenye makosa humu?"

"Sema."

"Tulipokuwa wadogo ulikuwa unatuambia umeshakula. Kila siku, umeshakula. Halafu ukidhani tumelala unakwangua sufuria. Mimi na Saumu tulikuwa tunasikia ule ukoko."

Nilitazama chini. "Mlikuwa watoto."

"Tulikuwa watoto, sasa si watoto. Na hujaacha. Unaumwa mguu, unasema mzima. Unajua kwa nini Saumu hapigi simu? Aliniambia mwenyewe: kila nikimuuliza Dada hali yake ananijibu nzuri, nzuri, nzuri. Anasema huna haja naye. Anasema anaona aibu kupiga simu kwa mtu asiye na haja naye."

Sijawahi kupigwa kofi na mtu, lakini nadhani linakuwa hivyo. Miaka yote nilidhani nawapunguzia mzigo. Kumbe nilikuwa nawafungia mlango, nao wako nje wamesimama, wanadhani ndani nimeshiba.

Athumani alimpigia Saumu simu yeye, akaniwekea sikioni kama mgonjwa. Saumu akaitika, akaniuliza hali. Neno lile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu kwa mazoea. Nikalimeza.

"Si nzuri, mdogo wangu. Mguu unaniuma. Na nimewakumbuka."

Nikasikia watoto wake wakigombana nyuma yake. Kisha akaanza kulia, akawa ananigombeza huku analia, kwamba mguu gani, tangu lini, nimekwenda hospitali au nimepaka mafuta ya nazi tu kama kawaida yangu. Nilikuwa nimepaka mafuta ya nazi tu.

Sitakudanganya kwamba tangu siku ile nyumba ilijaa. Mtwara haikusogea. Athumani kazi zilimpeleka mbali, akaoa huko, na sasa mimi ni mtu mzima ninayeishi peke yangu na sauti ya pangaboi. Upweke upo, naujua hatua zake. Lakini wakiniuliza hali nawaambia, na wao wananiambia zao, hata zisizopendeza, na usiku ninapolala najua kwamba hakuna anayenidhania nimeshiba.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeachiwa wadogo, shika haya ninayokupa. Mdogo wako akikosea, mwambie wewe, mapema, kwa upole, mkiwa wawili ndani. Usimtengenezee kisirisiri ukadhani ndiyo mapenzi; atatoka na kosa lile akalipeleke kwenye nyumba ya mtu asiye na hatia. Akinuna, mwache anune, na mlango wako usiufunge kwa ndani. Akirudi usimuulize alikuwa wapi, mpe chakula kwanza. Na siku atakapotaka kukwambia lako, kaa umsikilize mpaka amalize, hata kama ulimfunga nepi. Nawe njaa yako, maradhi yako, upweke wako, usiwafiche wale uliowalea. Uliwalea ili siku moja wawe watu, na mtu huwa anataka kuhitajika.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu kwenye mzigo uliopewa kabla ya umri wake. Awarehemu wazazi wako mahali walipolala. Akujaalie wadogo wanaouliza hali yako, na akupe ulimi wa kuwajibu kweli. Amina.