Makaa ya Kuchujia Maji

Fundi wa friji huja kila Ijumaa baada ya swala, ingawa daktari wa meno aliyemwajiri amtunzie samaki ameshakimbia nchi. Katika chumba cha kungojea nimebaki mimi mfagiaji, pamoja na samaki wawili wa baharini ndani ya tangi la kioo. Fundi hukunja mikono ya kanzu, huonja maji ya tangi kwa ncha ya ulimi, kisha hujaza soksi ndefu ya kike ya kuyachujia: makaa chini, fundo, halafu punje nyeupe za dawa ya kusafishia maji juu. Hataki vichanganyike. "Kila moja inakamata uchafu yake," huniambia. Makaa huyaosha mara saba na kuyanusa moja moja.

Tangu barabara za milimani zifungwe, magunia ya makaa hayashuki mjini. Ijumaa iliyopita nilimpa ndoo ya makaa niliyonunua kwa mama mmoja aliyetoka mtaa wa Buterere, siku chache baada ya nyumba za huko kuchomwa. Fundi alinusa bonge kubwa, akaligeuza, akachomoa bawaba ndani yake.

"Hii ilikuwa mulango," akasema. "Mulango ya nyumba ya mutu."

Maji yalikuwa ya njano, na samaki mmoja alikwisha kulala ubavu. Fundi aliifungua na kuifunga ile bawaba kwa kidole gumba. Kisha akaitia mfukoni, akachukua nyundo, akaanza kuuvunja mlango ule vipande vidogo vya kuingia kwenye soksi.