Darasa la Jumamosi

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni. Akitaka umeneja lazima apate ile shahada ya biashara, MBA, na kazi hawezi kuiacha. Akapata vyuo viwili: kimoja cha kwenda kila Jumamosi, kingine cha kusomea nyumbani kwa kompyuta. Mwanangu akashikilia cha nyumbani. "Hutoki, huhangaiki, unataka nini tena?"

Chuo hicho kikampa wiki ya majaribio. Mimi shule sikukaa sana, lakini macho ninayo. Akiketi tu, mume anauliza shati la bluu liko wapi. Mara pasi. Mara mtoto anataka kuogeshwa. Mwalimu anamwita kwenye kompyuta, naye yuko uani anaanua nguo. Siku ya mwisho nilimkuta kajifungia chooni, kompyuta magotini, machozi yanamtoka.

"Chagua cha Jumamosi, binti yangu."

"Mama, mume wangu atasema nimewakimbia."

"Na aseme. Mdomo si wake?"

Mwanangu akanijia juu. "Na mtoto atashinda na nani?"

"Kwani ana baba, au ana mpangaji?"

Akanuna.

Jumamosi ya kwanza mwanangu alitoka alfajiri bila kuaga. Mkwe wangu akasimama mlangoni, mkoba begani, mtoto kang'ang'ania sketi yake. Nikambandua mtoto.

"Nenda. Huyo bwana akirudi atanikuta mimi."

Magoti yalikuwa yananiuma vibaya, ila hilo sikumwambia.