Mkwe Wangu na Gari Lenye Kiti cha Nyuma

Ndugu Mhariri, naomba ulifiche jina langu. Jina la gari nalo lifiche, maana Bukoba nzima wenye nalo tunajuana na watanitambua mara moja.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa kahawa na migomba hapa Kagondo, nina mke na watoto watano. Uhuru ulinikuta tayari nina gari langu. Ni gari la michezo la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, boneti ndefu. Nililinunua Kampala miaka ile kahawa ilipokuwa na bei, na tangu hapo halijaguswa na fundi mwingine ila mimi. Petroli ikiadimika nalisukuma hadi uani, nalitazama, nalirudisha ndani. Balozi wetu wa nyumba kumi alishanisema mkutanoni kwamba gari la watu wawili ni ubinafsi. Nilimjibu kwamba halikuundwa kubeba mkutano.

Mwenzangu katika mapenzi haya ni bwana mmoja wa Kagoma, kule Muleba, mwenye gari kama langu, lake jeupe. Magari yalituunganisha hadi tukala omukago, undugu wa kuchanjiana, kila mmoja akatafuna buni yenye damu ya mwenzake. Siku hizo ndipo tuliposikia kwamba Waingereza wametoa toleo jipya la gari letu. Wamelirefusha, wamelipandisha paa, wameliwekea kiti cha nyuma. Kiti cha nyuma, jamani, kwenye gari la michezo. Tukaapa buni ikiwa bado mdomoni kwamba hakuna kati yetu atakayeikalia takataka hiyo maisha yake yote. Mnaweza kucheka, lakini kwetu anayevunja kiapo cha omukago huvimba tumbo akafa, ndivyo tulivyolelewa.

Sasa binti yangu wa kwanza, ambaye ni mwalimu, amechumbiwa na kijana wa Bilele, mtu wa ofisini. Siku walipokuja kujitambulisha, alikuja nalo. Toleo jipya lenyewe, la kijani, kauziwa na daktari wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Nilisimama mlangoni nikalitazama. Nyuma limefutuka kama ng'ombe mwenye mimba. Injini inanong'ona kama mtu anayeungama. Hasira zilinipanda hadi nikashindwa kuitikia salamu.

Tulipokaa sebuleni, kililetwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni. Nilikipitisha mbele ya kijana nikampa mjomba wake. Mhaya yeyote anajua hilo ni tusi.

"Waitu, bwana wangu, kijana amekosa nini?" mjomba akauliza.

"Kaliulize gari lake," nikamjibu.

Kijana mwenyewe hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema, "Baba, najua lako ndilo lenye sifa. Hili nimelipenda kwa sababu linabeba watu."

"Hata lori linabeba watu. Ungenunua lori."

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyopita binti akanijia na jambo lingine. Tangu akiwa mdogo nilimwahidi kwamba siku ya ndoa nitampeleka kanisani kwa gari langu, mimi na yeye tu, turubai limefunuliwa. Akaniambia hataki.

"Tata, nitakwenda na lile la kijani. Shemeji yangu ataendesha. Mimi nitakaa mbele, wewe na mama mtakaa nyuma."

Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akaniuliza mama yake atakaa wapi kwenye langu. Nikasema atakwenda na lori la ushirika pamoja na kina mama wenzake, kama kawaida.

"Hiyo kawaida ndiyo siitaki," akasema. "Tangu nipate akili, kiti cha pili ni cha rafiki yako wa Kagoma. Mama kalifuta gari lile vumbi miaka yote na hajawahi kulikalia."

Nikamwita mke wangu aje akanushe uongo huo. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Sikuwahi kuomba," akaendelea kumenya.

Habari zilifika Kagoma haraka. Munywani wangu, yule ndugu wa kuchanjiana, alikuja mwenyewe, hakukubali hata kuketi. Alisema, "Ukikalia kiti kile, undugu wetu umekwisha. Na tumbo likikuvimba usimtume mtu kuniita." Namjua, hatanii. Yeye ndiye aliyekaa nami nilipomzika baba yangu, na sina ndugu mwingine wa kiume.

Jana kijana alilileta gari ili mama mkwe aone kama ataenea. Mimi nilikuwa kibanjani, nikabaki nyuma ya migomba niwatazame. Mke wangu aliingia nyuma polepole, amelishika gauni lisichafuke. Alipapasa kiti. Akainua mkono akagusa paa. Halafu akajisogeza hadi dirishani, upande wa pili ukabaki wazi, akauweka mkono wake pale kana kwamba anamzuilia mtu nafasi. Alijua nipo migombani. Hakuniita.

Ndoa ni mwezi ujao, Pasaka ikishapita. Gari lile nalichukia na nitalichukia mpaka nifukiwe kibanjani kwangu. Limewaharibia Waingereza jina na limeiharibu nyumba yangu. Lakini toka jana kila nikikaa kwenye gari langu naangalia kiti cha pembeni, na sioni raha. Ndugu wasomaji, mliochanjiana na msiochanjiana, nishaurini: nifanye nini? Nipande nyuma pale, au nimwache mke wangu aende kanisani akiwa ameshikilia nafasi isiyo na mtu?