Mwezi wa Sita Sikuchelewa

Kiwandani Chang'ombe tuliweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio kila asubuhi. Mwaka ule kompyuta ilichambua rekodi zetu sote, ili ijulikane nani aongezewe mkataba. Mie nilichelewa karibu kila siku, hivyo afisa utumishi aliponiita nilikwenda na aproni mkononi, niirudishe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mwezi wa sita na wa kumi na mbili huchelewi?"

"Shule zinakuwa zimefungwa."

"Una watoto?"

"Wadogo zangu watatu. Wazazi walifariki, nikaacha shule niwalee. Siondoki mpaka niwavushe barabara."

Akaigeuza skrini nione. "Miaka mitatu hujakosa kazini hata siku moja. Ungesema mapema, mwanangu."

Akanihamishia zamu inayoanza saa tatu asubuhi. Nikavaa aproni yangu.