Korongo Aliyeupa Mlingoti Kisogo

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata popote, hata madukani Kansanga, narudi kwenye chumba chetu cha zamani Namuwongo, karibu na reli, msimu ule mama aliposhona bendera. Nilikuwa darasa la tatu. Kila sikukuu ya uhuru ilipokaribia, vitambaa vilijaa kitandani hadi sisi tukalala chini. Mama, aliyekuja na baba kutoka Kenya, alinifundisha milia kama wimbo: "Watu, jua, damu, watu, jua, damu." Nyeusi, njano, nyekundu, mara mbili. Katikati duara jeupe, na ndani yake korongo mwenye taji, mguu mmoja juu, kwa sababu nchi haisimami. Tena korongo lazima autazame mlingoti, uitazame bendera upande huu au ule. Kwa hiyo mama alikata ndege wawili kwa kila bendera, mmoja kila upande, na hakukosea kamwe.

Ndiyo maana jirani yetu Hajati Zaituni, Mnubi mwenye maneno mengi, alipoingia jioni moja na kuikunjua bendera iliyokwisha, alipiga kelele: "Wee Mama Akinyi! Ndege wako anatoroka!" Kweli, pande zote mbili korongo aliupa mlingoti kisogo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mwache, Hajati. Amechoka kutazama mti mmoja. Anatafuta njia ya kwetu."

"Kwenu wapi, na mume yuko hapa?"

"Muulize ndege."

Hajati akasema kuteleza si kuanguka, tukacheka sote. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama aliisogeza ile bendera mpaka karibu na pua, kisha akafumba jicho moja, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Hazikupita wiki nyingi, maumivu ya kichwa yakamshinda. Baba akaamua kumpeleka nyumbani Kisumu akatibiwe karibu na ndugu. Asubuhi ya safari nilishika wembe, nikataka kumfumua yule ndege ili mama afurahi. Akanizuia mkono. "Wacha, Akinyi. Nikirudi nitamgeuza mwenyewe." Nilimwamini, jamani. Alizikwa huko huko, na ile methali ya Hajati sijaipenda tena.

Sasa niko sekondari. Cherehani iliuzwa, na kitandani nafasi ni tele, mpaka inaudhi. Juzi mwalimu aliuliza mguu wa korongo una maana gani. Nilijua kuliko darasa zima, lakini niliinamia daftari langu, mwingine akajibu: "Nchi inasonga mbele," akapigiwa makofi. Hajati bado huniambia, "Lete hiyo bendera, binti yangu, nikufumulie, si kazi." Nakataa. Iko ukutani juu ya kitanda changu. Korongo anautazama mlango, mguu juu, na mpaka leo hajautua.