Kinu cha Evode

Evode Kanyamibwa alikwisha kujua kupiga picha za sura za watu. Unamkalisha mtu kwenye kiti, unamwambia asipepese macho, kazi imekwisha. Lakini Grégoire, fundi aliyemfundisha picha pale Masisi mwaka 1953, hakuridhika.

"Sura inanunuliwa na mwenyewe, mara moja tu," alimwambia. "Kilima, kila muzungu anayepita atakinunua."

Akampa sanduku la mashini ya picha, kitambaa cheusi, miguu mitatu ya mbao na plaki moja tu ya kioo ya kunasia picha. "Uniletee kilima kizuri. Ukikosa, rudi kwenu ulime."

Kwao hapakuwa tena na pa kulima. Kaka zake walikwisha kugawana shamba lote. Evode alikwenda.

Alipata mahali, maharagi chini, ng'ambo kilima cha majani na ukungu kiunoni. Jua lilikuwa linakimbia. Kwa haraka ile alipita kando ya watu waliokuwa wakilima bila kuwasalimu, jambo ambalo hata mlevi wa Masisi hafanyi. Akachomeka miguu mitatu kwenye udongo, akafumba jicho moja, akarudi nyuma, akasogea mbele. Kisha akaingia chini ya kitambaa.

Kwenye kioo cha nyuma ya mashini kilima kilining'inia kichwa chini, kama alivyofundishwa. Halafu aliona vitu vidogo vinasogea. Watu, miguu juu, wanakimbia. Alifikiri wanafukuza mbuzi. Wakakua. Mikononi mwao kitu kiling'aa. Mbele yao hapakuwa na mbuzi. Mbele yao alikuwa yeye.

Alitoa kichwa. Walikwisha kumzunguka.

"Nani amekutuma kupima hapa?" aliuliza Floribert, mtu mwenye panga.

"Sipime, Papa. Iko picha tu."

"Picha!" Mama Thacienne, mjane mwenye maharagi yale, alitema mate. "Wale wapimaji wa kwanza vilevile walisema banachungulia tu. Miguu mitatu hii hii. Leo ng'ombe za muzungu njo zinakula fasi baba yangu alizikwa."

"Angalia mwenyewe, mama."

Mama Thacienne akajifunika kitambaa. Akatoka mbio.

"Amepindua kilima! Nyumba zetu ziko zinaanguka!"

Floribert akainua panga juu ya sanduku. Evode alisikia mkojo ukimtoka. Alijua akikimbia watamkata kama mwizi, na sanduku likivunjika, kwa Grégoire hana pa kuingia. Akasema la kwanza lililomjia.

"Papa, ngoja! Nini njo ilipima shamba? Sanduku ao miguu?"

Wakatazamana. "Miguu," alisema mmoja.

"Basi chukueni miguu. Mimi muniazime kinu."

"Kinu cha nini?"

"Mashini ikae juu. Mama, umeshaona kinu kinapima shamba?"

Mama Thacienne alicheka bila kutaka. "Kinu kinapima majani ya sombe tu."

Wakaleta kinu, wakakigeuza chini juu. Kilikuwa kifupi, ikabidi Evode apige magoti kwenye udongo, na jambo hilo nalo likawatuliza. Floribert alisimama nyuma yake, panga bado mkononi, hadi Evode alipopiga picha na kufunga plaki.

Jioni Grégoire alisafisha picha. "Trepie yangu, miguu ile mitatu, iko wapi?"

"Inapika maharagi ya Mama Thacienne."

Fundi alifoka, kisha akainamia picha tena. Majani ya maharagi yalijaa mbele, makubwa, na kilima kilisimama nyuma yake kirefu kuliko kilivyo.

"Nani alikufundisha kuweka mashini chini hivi?"

"Woga, Papa."

Grégoire alimwacha abaki, ila trepie nyingine hakumpa. Evode alijinunulia kinu. Alikibeba begani miaka yote, mpaka Walikale kwenye barabara ya migodi, ambako makuli walimpigia kelele: "Fundi, leo unatwanga nini?" Aliwaacha wacheke. Mtu anayechekwa hakatwi panga, na vilima viliuzika.

Lakini kila mahali alisalimu kwanza, nyumba kwa nyumba, hata jua likimkimbia. Na hakuingia tena chini ya kitambaa kile bila kumwomba mtu asimame nyuma yake. Huko ndani, kabla ya kutazama kilima, macho yake yalitafuta kwanza vitu vidogo vinavyosogea.